Meli Haikuondoka Siku Ile

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki, nami nikatoka darasa la nne nikaingia kwenye lori. Darasani sikurudi tena. Nasema hivi mapema ili kijana atakayesoma karatasi hizi asipoteze muda kutafuta makosa ya uandishi. Yapo. Ayaache hapohapo.

Mnaniuliza kila siku, nyie vijana mnaoongoza wageni kutoka Tabora hadi ziwani, kwamba mzee Mrisho alianzaje. Vyeo sitaviandika, mishahara ndiyo kabisa. Nitaandika kazi. Na ndani ya kazi kuna siku moja ambayo sijawahi kumsimulia mtu, ingawa watu wengi mnaidhani ni siku yangu ya sifa. Tutaifikia.

Lori lilikuwa la tumbaku, Urambo mpaka Tabora. Mimi utingo. Kazi ya utingo ni kuweka jiwe nyuma ya tairi, kupokea matusi, na kulala juu ya mzigo. Ufundi wa gari niliupata kwa kumpa dereva spana; ukimpa namba isiyo sahihi anakurushia, na spana ikikupiga mara tatu unazijua namba zote. Kiingereza nilikiokota kwa mzungu mmoja aliyekuwa akipima miti katika misitu ya miombo. Nilimshikia kamba ya kupimia miaka miwili. Yeye alikuwa mpweke, anaongea siku nzima, mimi najibu "yes" mpaka siku moja nikagundua kwamba naelewa ninachokikubali.

Kiingereza hicho ndicho kilinilisha. Waliosoma walikuwa mijini maofisini, waliobaki porini hawakukijua. Katikati nilikuwa mimi. Mgeni akitaka maji ananiuliza mimi. Mwenye kijiji akitaka kujua wageni wanatafuta nini ananiuliza mimi. Nilijiona mkubwa, na kweli nilikuwa mkubwa. Mtu anayeshika maneno ya pande mbili hakuna wa kumsahihisha. Shikeni hapo.

Kampuni moja ya utalii ilipoanza kuleta wageni huku kwetu walitaka mtu wa porini. Nikawapeleka kwa Mihambo. Alinizidi miaka kumi, na kwa mwili alinizidi nusu, alikuwa mrina asali na msoma nyayo, na nilimwita kaka ingawa hatukuchangia tumbo. Siku ya kwanza alinitembeza pori la Ugalla tangu asubuhi hadi saa kumi bila kusema kitu. Tuliporudi akaniuliza, "Mrisho, tumepita mizinga mingapi?"

Nikasema, "Mitatu."

"Kumi na moja. Na nyati mmoja alitutazama, wewe ukawa unajikuna."

Yeye ndiye aliyenifundisha yote ninayowafundisha. Mgeni asivae bluu wala nyeusi, ndorobo, hao mbung'o, wanazipenda rangi hizo kuliko wanavyompenda ng'ombe. Kinyesi cha tembo kikavu ndani ya kopo, kikifukizwa nyuma ya gari, kinawafukuza kuliko dawa za chupa. Ukivuka mto, shuka kwanza utembee kwa miguu. Kama wewe hutaki kuingia, gari lisiingie. Turubai, panga, sepetu, jeki ndefu, madumu mawili ya maji ambayo hayaguswi mpaka iwe shida. Siku hizi mna simu yenye ramani. Vizuri. Simu haichimbi tope.

Alinifundisha pia njia yenyewe. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Ujiji akipita Tabora mpaka pwani, na katika ukoo wao walihifadhi taratibu za msafara kama wengine wanavyohifadhi hati za nyumba. Moja aliirudia mara nyingi tukiwa tumekaa motoni. "Babu alisema mpagazi akiugua njiani, mzigo wake unagawanywa kwa wenzake. Yeye mwenyewe anabebwa mpaka wapate kijiji chenye watu wanaomjua. Anayepita akamwacha, jina lake halitajwi tena kwenye nyimbo za safari." Mimi niliwatafsiria wageni hadithi hiyo kila safari, wakatikisa vichwa, wengine machozi yakawalenga. Niliisimulia vizuri sana.

Wa tatu wetu alikuwa Pazi, mpishi. Mzaramo aliyeletwa na treni akaoa Gongoni, mtaani hapa Tabora, akabaki. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyohiyo, kwa hiyo pale kambini hapakuwa na amani hata asubuhi moja.

"Watumwa wangu mmeamka?" Pazi anauliza, mwiko mkononi. "Mbona mikono mitupu? Mnyamwezi akikaa bila mzigo kichwani shingo inamuwasha."

"Wewe pika," Mihambo anamjibu. "Ukisikia ngoma Kaliua huko utaacha chungu kinaungua."

Mgeni asiyejua angedhani watapigana. Mtani anakutukana mbele ya mama yako na unatakiwa ucheke. Anaweza kukunyang'anya kitu, na utakikomboa kwa namna atakayotaka yeye. Msibani ndiko anakotawala hasa: anaigiza marehemu, anazuia watu, anasema ambayo ndugu hawathubutu. Na hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Sasa niingie kwenye siku yenyewe.

Safari ya meli niliibuni mimi. Niliiambia kampuni kwamba mgeni anayekwenda kupanda meli Kigoma, badala ya kuruka na ndege, tumpitishe pori kwanza: apokelewe Tabora, alale siku tatu Ugalla, atokee Uvinza, siku ya tano mchana tumkabidhi kwenye meli akastarehe ziwani kwenda kusini. Tajiri wa kampuni alisita. Alisema barabara ni mbaya, meli inapita mara moja kwa majuma mawili, wageni wakiikosa ni aibu. Akasema tutajaribu kundi moja. Likifika kwa wakati, njia ni yenu. Likichelewa, kazi ya pori itapewa watu wa Arusha.

Kundi lilikuwa la watu sita, wazee wote. Mmoja wao alikuwa mama wa nywele nyeupe, mfupi, aliyewahi kuwa muuguzi. Pazi alimpa jina la Mama Nesi. Alikuwa haishi kuuliza. Alimpenda Mihambo kuliko alivyonipenda mimi, na sikulifurahia hilo. Walikuwa wakikaa pamoja hawaelewani lugha, anaonyeshwa jani, anaandika kwenye kijitabu.

Siku ya tatu tulifika kambi ya warina asali, ng'ambo ya mto. Wageni walitaka kuona mzinga ukifunguliwa. Mihambo akasema jioni, jua likishazama, ndiyo saa yake. Mchana nyuki wamechachamaa na moshi hauonekani unakwenda wapi. Mimi nikajua jioni hapatakuwa na mwanga wa picha. Tena kesho yake alfajiri tulitakiwa tuondoke.

"Kaka, fungua mmoja tu," nikamwambia. "Wametoka mbali."

"Nyuki hawajui kama wametoka mbali."

"Unaniaibisha mbele ya wageni."

Akanitazama. Alivua viatu akawasha mwenge wa gome, akapanda. Mrina asali wa Unyamwezi haulizwi mara mbili kama anaogopa mti, na mimi nililijua hilo, ndiyo maana nikalisema lile neno.

Mzinga ulikuwa juu, kama nyumba mbili zikipandana. Aliuzibua, nyuki wakatoka kama maji. Alivumilia kidogo, kisha wakamwingia machoni, akaachia. Nilisikia alivyotua. Wageni walikuwa wameshakimbilia garini. Mimi na Pazi tulimfunika turubai, tukamvuta. Uso ulikuwa umevimba hana macho, na mguu wa kulia, juu kwenye nyonga, umegeuka upande ambao mguu haugeuki.

Mama Nesi alishuka garini nyuki wakiwa bado hewani. Akampapasa, akampa vidonge, akaufunga mguu kwa mti na kanga. Kisha akasimama mbele yangu akaninyooshea kidole. Nitaandika alichosema, maana kila kitu kinategemea hapo. Alisema: "Huyu mtu anahitaji hospitali leo. Tuache mizigo hapa, tubanane, tumlaze, turudi tulikotoka. Meli iende zake. Sote tumekubaliana. Mwambie."

Hospitali ya karibu ilikuwa nyuma, Urambo, mwendo wa siku nzima kwa barabara ile. Mbele ilikuwa Uvinza, mbali zaidi. Kurudi ilikuwa ni kuikosa meli. Kuikosa meli ilikuwa ni kuipoteza njia niliyoibuni mwenyewe, mimi wa darasa la nne.

Mihambo akanishika suruali. Alisema kwa Kinyamwezi, taratibu: "Mrisho, usiniache hapa. Mguu huu sitapona nao porini. Nibebe."

Mama Nesi akauliza, "Anasemaje?"

Nikamjibu, "Anasema anashukuru sana, lakini hapa ndipo kwao. Warina asali hawa ni ndugu zake, wana dawa zao za mifupa, hataki hospitali. Anaomba msiharibu safari yenu kwa sababu yake. Anawatakia safari njema."

Akauangalia tena ule mguu. "Una uhakika?"

"Ni mila," nikasema. Mgeni ukimwambia ni mila anarudi nyuma. Ni neno nililolitumia miaka yote kumaliza maswali.

Kisha nikamgeukia Mihambo. "Kaka, wageni wamekataa kurudi. Wanasema meli haisubiri. Nitakufuata baada ya siku nne."

Akaiachia suruali yangu.

Tulikesha hapo, alfajiri tukaondoka. Mama Nesi alimwekea vidonge mkononi akamfunga vidole. Pazi alipanda nyuma, juu ya masanduku, na tangu pale mpaka Kigoma hakunitania. Nilidhani ana majonzi.

Tulifika bandarini siku ya tano, saa nane mchana, kama nilivyoahidi. Nilisimamisha gari nikapiga honi. Na meli ilikuwepo, imefungwa, mafundi wanatoka na kuingia. Injini. Karani wa bandari akatuambia, "Haiondoki leo. Labda kesho." Kesho ikawa labda kesho. Meli haikuondoka kwa siku tatu.

Siku tatu, wasomaji wangu. Ningeweza kwenda Urambo na kurudi. Hata baada ya kufika ningeweza kugeuza gari palepale, wageni walikuwa na hoteli, na barabara haikuwa imezibwa. Sikugeuza. Nilijiambia lazima niwaone wakipanda, ndiyo kazi. Ukweli ni kwamba nilitaka waandike kwenye kitabu cha kampuni mbele yangu. Wakaandika. Ukurasa mzima. Nilikaa kwenye baraza la hoteli nikila migebuka ya kukaanga na kuitazama ile meli isiyokwenda popote. Mama Nesi alikuja mara moja akaketi. "Rafiki yetu atakuwa anaendeleaje?" Nikamwambia vizuri, ndugu zake wanamwimbia.

Nilirudi kambini siku ya sita tangu aanguke, si ya nne. Mihambo hakuwepo. Wale warina asali, ambao hawakuwa ndugu zake hata kidogo, walikuwa wamemfunga kwenye ubao juu ya baiskeli mbili, wakamsukuma siku mbili na nusu mpaka Urambo. Tabibu alisema mgonjwa angeletwa mapema, mguu ungewekwa sawa. Ulipona ukiwa mfupi. Hakuingia tena porini. Alikaa nyumbani kwake nje ya mji, njia ya Urambo, akichonga mizinga ya kuuza kwa watu wanaoweza kupanda.

Ile njia tukapewa. Ndiyo hiyo mnayopita nyie. Ule ukurasa wa sifa niliuwekea kioo.

Kila Idi nilimpelekea sukari na kilo za mchele. Kila Idi nikasema maneno yaleyale, kwa sababu mtu mwenye hatia hukaa na sentensi moja: "Kaka, ungefanyaje, meli haisubiri." Na yeye, akipiga tezo kwenye gogo, alijibu kila mwaka, "Ee mdogo wangu. Meli haisubiri." Mimi narudi nyumbani nimetulia. Nilidhani amenisamehe bila kujua, na hiyo ndiyo aina ya msamaha niliyoitaka.

Alifariki mwaka jana, masika yakiisha. Nilikuwa nimestaafu miezi mitatu. Siku ya kumaliza matanga uwanja wake ulijaa, watu wa Cheyo, wa Gongoni, warina asali, na vijana wengi wa kazi yetu waliokuja kwa heshima yangu kama kwa heshima yake. Nilivaa kofia yangu ya kaki ya kazini, ile pana, mnaijua.

Pazi sasa ni mzee, ana meno manne, lakini sauti bado ipo. Alitokea nyuma yangu akaichomoa kofia kichwani kwangu, akaivaa. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema. Akafunga chupa mbili kwa kamba akazitundika shingoni kama darubini. Akakalia kinu kilicholazwa, akauzungusha usukani wa hewani, akapiga honi kwa mdomo. Alikuwa mimi kabisa, hata kikohozi.

Akaruka, akajifunga kanga, akawa Mama Nesi, kidole mbele. "Tumrudishe hospitali! Meli iende zake!" Kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. Akalala chini, akashika mguu. "Mrisho, usiniache. Nibebe." Akasimama, akavaa kofia, akakunja mikono. "Mama, anasema anawatakia safari njema!"

Walicheka sana. Walicheka mara ya kwanza. Aliporudia, akimgeukia mgonjwa na kusema, "Kaka, wageni wamekataa kurudi," kicheko kilianza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma. Mimi nilikuwa sijui, miaka yote hiyo, kwamba Pazi alipikia nyumba za wazungu Dar es Salaam kabla ya kuja kwetu. Alikielewa Kiingereza vizuri kuliko mimi, na Kinyamwezi alishakiokota Gongoni. Kwa nini siku ile alinyamaza? Nilikuja kumuuliza baadaye. Akasema, "Nilikuwa na watoto watano na wewe ndiye uliyeniajiri. Na mimi nina yangu, Mrisho. Leo nazungumzia yako."

Nikaingiza mkono mfukoni nikomboe kofia, kama desturi.

"Toa mkono mfukoni, Mnyamwezi," akasema Pazi. Hakuwa anacheka tena. "Kofia hii haikombolewi hivyo. Ikomboe kwa maneno. Yale uliyoyapindisha, yanyooshe, hapa, mbele ya watu hawa."

Uwanja mzima unanitazama. Vijana wangu wananitazama. Sentensi mbili tu zilitakiwa. Mimi ambaye nimeishi kwa kusema, nikasema, "Utani mwingine unazidi," nikaondoka. Nilimkasirikia mtani msibani. Watu wa Tabora wanajua uzito wa jambo hilo. Nilitembea kichwa wazi mpaka njia kuu.

Bi Kalunde, mjane wake, alinifuata mpaka kwenye ua. "Shemeji, rudi ukae."

"Shemeji, umesikia alichosema yule?"

"Sikukisikia leo. Pazi alimwambia mwenzio mwaka uleule, hospitalini. Ya yule mama, na ya meli kukaa siku tatu. Yote."

"Na kila Idi akanijibu vile?"

"Alikuwa anakusubiri," akasema. "Kila Idi ukiondoka alikuwa anasema, labda mwakani."

Hilo ndilo linaloniamsha. Miaka ishirini na miwili ya Idi, mtu anachonga gogo na kunifungulia mlango, nami napita mbele ya mlango nikiwa na kilo za mchele.

Basi. Nayanyoosha. Mama Nesi na wenzake walikubali kurudi, wote sita, bila kubembelezwa. Mihambo hakusema hapo ni kwao. Aliniomba nimbebe, nami nilikuwa na gari. Hapakuwa na mila yoyote. Mila yenyewe, ile ya babu yake, ilisema tugawane mzigo tumchukue, na mimi ndiye niliyekuwa nikiisimulia.

Kuandika ni rahisi, nimeshaona. Hakuhesabiki. Pazi amesema kofia inakombolewa palepale uwanjani, kwa mdomo. Bi Kalunde atasoma dua ya mwaka mwezi ujao na amenialika kwa kinywa chake. Nyie vijana nitawataka mje. Mkiniona nimesimama nakohoa, msinisaidie.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vinne Cheyo, ya tofali za kuchoma, niliijenga mwenyewe. Shamba la karanga. Baiskeli. Darubini, kioo kimoja kina ufa. Jeki ndefu, bado nzima. Mizinga miwili aliyochonga Mihambo, alinipa, haijawahi kutundikwa. Ukurasa wa sifa nimeutoa ukutani, kioo nimekipa jirani.

Kofia sina.